Ubora Bado Sifuri

Dokta aliitambua ngazi kabla hajamwona mwenye ngazi. Ilikuwa ya chuma, kipandio chake cha tatu kimefungwa kamba nyekundu pale kilipowahi kukatika, na kila ilipoegemezwa ukutani ilitoa mlio wake wa peke yake. Mwaka uliopita mlio ule ulikuwa ukimtoa dukani mbio, meno yote thelathini na mbili nje. Leo ulimkuta sebuleni anakung'uta mito ya makochi, na miguu ikagoma kuondoka pale iliposimama.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, fundi, karibu!" Shangazi alishafika mlangoni. "Tangu asubuhi nakutazamia wewe tu. Dishi letu limepigwa na upepo wa Jumatano, tangu siku hiyo televisheni ni bluu tupu. Na kesho nina wageni, wageni wa heshima, wanaume watupu. Mwanamume akikosa mpira wa kutazama anaanza kuhesabu nyufa za ukuta wako."

"Tutalirudisha, mama. Usiwe na wasiwasi."

Sauti ile. Dokta alikaa kwenye mkono wa kochi na mto wake kifuani.

Tuseme ukweli, Dokta hakuwa daktari. Aliuza dawa kwenye duka la kona, lakini kwa vile alikwisha kuwaambia watu wengi mno "hii meza baada ya kula", mtaa ukampa udaktari bila kumfanyisha mtihani. Na huyu aliyekuwa akivua viatu mlangoni mtaa mzima ulimwita Ngazi, kwanza kwa sababu ya hiyo ngazi yake, pili kwa sababu ya urefu. Akiingia ndani ya nyumba za watu alikuwa na mazoea ya kuinamisha kichwa hata pasipo na haja.

Miezi minane iliyopita aliinamisha kichwa hivyo hivyo akaingia sebule hii hii, amevaa shati lililopigwa pasi, mjomba wake nyuma. Alikuja kuposa. Akakataliwa. Shangazi hakuwepo siku ile, alikuwa kwake, mji mwingine, na ndiyo maana leo alimpigia simu bila kujua anamwita nani. Namba aliipata kwenye karatasi iliyobandikwa dukani.

"Shikamoo, mzee," Ngazi alisema.

Baba yake Dokta alikuwa kwenye kiti chake karibu na televisheni. Watu walimwita Mzee Redio, kwa kuwa miaka arobaini alitengeneza redio za mtaa huu na mitaa ya jirani, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya macho kidogo kidogo ikamwachia mwanga na vivuli tu. Alipoisikia salamu aliinamisha sikio upande mmoja, namna alivyokuwa akiisikiliza redio yenye ugonjwa.

"Marahaba. Fundi gani wewe?"

"Wa dishi, mzee."

"Hm," alisema mzee, akafumba macho.

Ngazi akainua macho. Yakakutana na ya Dokta kwa kitambo kile kile ambacho mtu humeza mate, kisha yakaenda kwenye king'amuzi, kwenye waya, kwenye dari, kila mahali isipokuwa kwake. Dokta alijikaza kisabuni akajifanya anatafuta rimoti, na rimoti alikuwa ameishika.

"Mimi nakwenda sokoni," Shangazi alisema, kikapu tayari mkononi. "Kaka haoni, kwa hiyo wewe, mwanangu, utakaa hapo umsomee fundi namba. Na ukimaliza ukabane nywele. Kesho usinitie aibu."

Geti likafungwa nyuma yake.

Nyumba ile ilijengwa hivi: dirisha la sebule liliangalia uani, na nguzo ya dishi ilisimama ukutani juu ya dirisha lenyewe, chini kidogo ya ncha za mabati. Kwa hiyo Ngazi alipopanda, Dokta aliona kupitia nondo za dirisha viatu viwili na suruali yenye rangi ya vumbi, basi. Akitaka kumwona uso ilikuwa lazima Ngazi ashuke vipandio viwili.

"Fungua ukurasa wa mawimbi," sauti ilitoka juu.

"Nimefungua."

"Unaona nini?"

Dokta alitazama skrini. Mistari ilikuwa miwili, mmoja juu ya mwenzake. "Nguvu themanini na tano. Ubora sifuri."

"Nguvu isikudanganye. Hiyo inapanda hata dishi likielekea jikoni. Wewe niambie ubora."

Alikuwa anajua. Ngazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, zama zile za raha, Dokta alipokuwa akimsindikiza Jumapili kwenye nyumba za wateja. Alimfundisha kwamba dishi halitaki pupa: unalisogeza unene wa ukucha, unasubiri mpaka mashine iamue, ndipo unalisogeza tena. Mafundi wenye haraka huipita ile pembe wanayoitafuta mara kumi na hawajui. Dokta alikuwa akisimama kwenye sebule za watu wasiomjua, anapaza sauti, "Bado! Bado! Hapo hapo!", na juu kule mtu anacheka.

"Ubora?"

"Sifuri."

Spana ikalia. "Sasa?"

"Bado sifuri."

Viatu vikashuka kipandio kimoja, kisha cha pili, na uso wa Ngazi ukatokea dirishani, umelowa jasho. Akachungulia ndani. Mzee alikuwa amefumba macho, lakini yeye hufumba macho kutwa nzima, huwezi kujua lini amelala.

"Umekonda," Ngazi alinong'ona.

"Na wewe umeungua jua."

"Jua ndiyo ofisi yangu."

Dokta alisogea karibu na dirisha. "Hukujua kama ni kwetu?"

"Nilijua. Yule mama aliponielekeza, geti la bluu nyuma ya duka la dawa, nilibaki na simu mkononi kama mjinga. Ningeweza kumtuma mwenzangu. Nikasema acha niende mwenyewe, nikamwangalie mara ya mwisho."

"Ya mwisho kwa nini?"

"Jumatatu naondoka. Nimepata kazi ya kusimamisha minara. Miaka miwili, tena mbali sana, huko hata simu haishiki. Simu yenyewe ndiyo tunayokwenda kuwapelekea."

Dokta alishika nondo. Ubaridi wa chuma ulimwingia viganjani. Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

"Na kesho wanakuja," alisema.

"Akina nani?"

"Mpima ardhi na wajomba zake. Wanafuata jibu."

Ngazi alimtazama, akatazama mito iliyokung'utwa, mapazia mapya, meza iliyopanguswa. Akatikisa kichwa polepole.

"Ndiyo nasema dishi hili lina haraka gani. Kumbe natengeneza televisheni ya posa ya mwenzangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Na jibu lao ni lipi?"

"Baba ndiye atakayejibu."

"Kama alivyonijibu mimi."

"Ngazi, tafadhali."

"Unajua kitu gani kimenikaa hapa?" Alijigusa kooni kwa ncha ya spana. "Si maneno ya mzee. Mzee alisema binti yake hamwozi fundi. Basi, ni mzazi, ana haki yake. Lakini nilikugeukia wewe, mbele ya mjomba wangu aliyenilea, nikakuuliza, na wewe unasemaje? Ukaangalia kapeti."

"Ningesema nini mbele ya baba?"

"Hata 'mh' ingenitosha. Mjomba njia nzima hakuniuliza kitu. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, mwanangu, yule binti hakukutaka, na mimi kwenye ule mlango sirudi tena. Akaapa. Na mimi sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hukunipa."

Dokta alifungua mdomo. Angemwambia usiku wa siku ile alilala na nguo zake za kutwa. Angemwambia alikwenda mara tatu mpaka kituo cha pikipiki apelekwe kwa mjomba huyo, mara tatu akarudi. Lakini mzee alikohoa kitini.

"Fundi! Ubora umefika ngapi?"

"Bado, mzee, tunatafuta!" Ngazi alijibu kwa sauti ya kazi, na viatu vikapanda tena.

Ilitokea alipolisogeza dishi mara ya nne. Dokta aliuona mstari wa chini ukishtuka, ukageuka kutoka mwekundu kuwa kijani, na namba zikakimbia: kumi na mbili, arobaini, sabini na moja. Kwenye pembe ya skrini kidirisha kidogo kikafunguka, mtangazaji wa habari ndani yake, tai shingoni, mdomo wazi.

"Na sasa tunakwenda..."

Dokta akabonyeza rimoti. Sauti ikakatika.

Hakupanga. Kidole ndicho kilichopanga. Aliliona jambo moja tu: akisema "hapo hapo", Ngazi atakaza nati, atashuka, atakunja waya wake, atainamisha kichwa mlangoni, na kwisha. Hii ndiyo nafasi iliyobaki maishani ya yule mtu kuwa juu ya dirisha lake, na ufunguo wake ulikuwa neno moja dogo.

"Ubora?" Ngazi aliuliza.

"Bado sifuri."

Dishi likasogea. Mstari ukafa, mtangazaji akatoweka, kidirisha kikarudi bluu tupu. Dokta alijichukia, na papo hapo akashukuru.

Baada ya dakika chache likashika tena, sabini na nne, vizuri kuliko mwanzo. "Bado!" alisema, na sauti yake ikamsuta. Mara ya tatu alisema "bado" akiwa ameipa skrini mgongo. Juu kule jua lilikuwa likimpiga Ngazi utosini, mabati yanawaka, na alisikika akizungumza peke yake: "Ajabu hii. Dira inaniambia ni hapa hapa. Mkono unaniambia ni hapa hapa."

Kisha akasema "Aa!", na spana ikaanguka uani.

Aliposhuka kiganja chake kilikuwa kimechanwa na ncha ya bati, damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko. Dokta hakuuliza. Mkoba wake wa kazini haukosi pamba na spiriti. Akapitisha mikono yote miwili katikati ya nondo, akakishika kile kiganja, akakigeuza juu.

"Itauma."

"Imeshauma zamani."

Akapangusa. Alikijua kiganja hiki, sugu zake zote, na alama ya chuma cha moto chini ya kidole gumba. Aliendelea kupangusa hata pale pasipo na damu, na Ngazi aliona, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukalegea.

"Bado unanipenda," alisema kwa sauti ya chini. Halikuwa swali.

Dokta alizungusha bandeji, machozi yakamlenga.

"Basi nisikilize. Sema leo. Usiniambie mimi hapa dirishani, mimi najua. Mwambie yeye pale kitini. Ukisema, naenda kwa mjomba jioni hii hii nikampigie magoti avunje kiapo chake. Usiposema, Jumatatu napanda gari na shingo yangu sitaigeuza nyuma."

"Ngazi, baba ana mimi tu. Mama hayupo. Macho hayapo. Kila alasiri anakaa pale namsomea maandishi yanayopita chini ya skrini, habari zote, hadi bei za mahindi. Nikimpinga leo, nitamwangaliaje kesho?"

"Na huyo mpima ardhi akikuchukua, nani atasoma bei za mahindi?"

Dokta alifikiri nyumba ya mpima ardhi iko mitaa miwili tu kutoka hapa, na akaona haya kwamba hilo alikuwa amekwisha kulipima. Kimya chake kikarefuka. Ngazi alikitambua, maana alikwisha kuonja kingine kama hicho, akauvuta mkono wake taratibu kutoka kwenye nondo.

"Haya," alisema. "Ngoja nimalize kazi ya watu niende zangu."

Akaokota spana, akapanda. Mara hii alilisogeza dishi kwa hasira, na hata hivyo likashika, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeizoea ile pembe. Sabini na sita. Mtangazaji alifungua na kufumba mdomo kimyakimya kwenye kidirisha chake.

"Ubora?"

Dokta alifuta uso kwa mtandio. "Bado," alisema, na neno likatoka limevunjika.

"Washa sauti."

Aligeuka. Mzee hakuwa amelala. Alikuwa amekaa wima, viganja juu ya magoti.

"Baba?"

"Washa sauti ya televisheni."

"Haijashika bado, baba."

"'Na sasa tunakwenda.' Maneno matatu. Mtangazaji alisema hivyo, ukamkata. Miaka arobaini, mwanangu, nimetafuta stesheni kwa sikio hili. Ikipita hata kufumba na kufumbua naijua. Kijana wa watu yuko juani muda wote huo, mpaka amejikata, anatafuta kitu alichokwisha kukipata. Kwa nini?"

Dokta alitazama chini. Kapeti lilikuwa lile lile, lenye maua ya kahawia, na miezi minane iliyopita aliyahesabu maua hayo yote. Aliinua uso.

"Kwa sababu akimaliza ataondoka."

"Ndiye yule?"

"Ndiye."

"Nilimjua kwa shikamoo yake." Mzee alivuta pumzi. "Nikasema ngoja nione kama utaniambia mwenyewe, au utanifanya mimi kipofu mara mbili."

Neno lile lilimchoma. Alipiga magoti mbele ya kiti. "Nisamehe, baba."

"Unajua kwa nini nilimkataa?"

"Ulisema humwozi fundi."

"Nilisema, lakini sikueleza. Mama yako aliolewa na fundi. Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri. Zikaja simu zenye redio ndani, watu wakaacha kuniletea kitu. Mama yako akaanza kufua nguo za majirani, mikono ikachubuka mpaka akawa anaificha mezani. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu labda ningepona. Nilipomzika nikaapa, binti yangu haolewi na mtu anayengoja kitu cha mwenzake kiharibike ndipo yeye ale."

Dokta alikuwa hajayasikia maneno hayo maishani mwake. Alimshika baba yake mikono.

"Mimi nilimuuliza mama," alisema.

"Ulimuuliza nini?"

"Kama anajuta. Alikuwa hospitali, wewe umetoka kufuata maji. Akacheka. Akaniambia, baba yako akiponyesha redio hampi mwenyewe kwanza. Ananiita mimi jikoni, ananiambia, zungusha wewe, sikiliza wewe, niambie kama imetulia. Akasema kila redio ya mtaa huu imeanza kulia mkononi mwake. Mama hakujuta, baba."

Midomo ya mzee ilicheza. Aligeuza uso ukutani, kama kwamba kulikuwa na kitu cha kuona pale, na Dokta akamwacha.

"Mpima ardhi ni mtu mzuri," aliendelea, na sasa sauti haikutaka tena kurudi nyuma. "Hana kosa. Lakini simtaki. Namtaka fundi. Nilimtaka siku ile na niliogopa, na nikafanya kuogopa kwangu kuonekane adabu. Ukinikasirikia leo, nikasirikie. Sitanyamaza tena."

"Unaniambia mimi ya nini?" mzee alisema kwa ukali, na ukali ule ulikuwa na maji ndani yake. "Mimi siku ile sikukuuliza. Aliyekuuliza yuko huko juu anaungua. Mjibu."

Dokta alisimama, akaenda dirishani. Viatu vilikuwa pale pale kwenye kipandio, havitikisiki. Dirisha lilikuwa wazi muda wote.

"Ngazi!"

"Naam."

"Ubora ni sabini na sita. Umekuwa ukishika tangu mwanzo, mimi ndiye niliyesema uongo. Nakutaka. Uliniuliza nikaangalia kapeti. Sasa nakujibu. Nakutaka wewe!"

Alisema kwa sauti iliyomfanya jirani wa upande wa pili aache kuanika shuka lake, libaki linaning'inia kwenye mkono mmoja. Ngazi alishuka vipandio viwili. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda ilikuwa jasho.

"Umechelewa," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Miezi minane, Dokta. Kiapo cha mjomba si nati, useme nitakilegeza kwa spana."

"Mwambie aje," mzee aliita kutoka kitini. "Kesho asubuhi, kabla ya wageni wa dada yangu. Na asikie vizuri. Sijakubali. Nimesema aje."

"Asipokuja, mzee?"

"Asipokuja, wageni watajibiwa na huyu huyu, kwa kinywa chake, awe anakutaka wewe au hataki mtu. Mimi nilimjibia mara moja, nikadhani kimya chake ni ridhaa. Simjibii tena." Akageuza sikio kwenye dirisha. "Na hizo nati kaza huku na huku, usimalize upande mmoja kwanza. Litahama."

"Najua, mzee."

"Najua kwamba unajua."

Ngazi akapanda mara ya mwisho. Dokta akasimama mbele ya skrini, rimoti mkononi, akasoma kila namba kama ilivyo.

"Sabini na sita. Sabini na tano. Sabini na mbili, limehama! Rudisha kidogo. Sabini na nne. Sabini na saba. Hapo hapo!"

Hakuna aliyecheka juu kule.

Alipokwisha kukunja waya alikuja dirishani, ngazi begani, bandeji imeloa damu kidogo katikati. Walitazamana kupitia nondo. Dokta alitamani kuushika ule uso, akaishia kushika chuma.

"Sikuahidi kitu," Ngazi alisema. "Mjomba ana kichwa kigumu, na tikiti ya Jumatatu iko mfukoni."

"Akikataa je?"

Alifikiri. "Nitaondoka. Lakini nitaondoka nikiwa nimejibiwa. Safari yangu yote nilikuwa nimeipanga juu ya kimya chako. Sasa hata sijui nitaibebaje." Akamwangalia mara nyingine, kwa muda mrefu, wala hakutabasamu. "Ukishamaliza kazi yake huyo mzee, kalale. Una macho ya mtu aliyelia wiki nzima."

Akaenda. Dokta alisikia geti, kisha mlio wa ngazi ikigongana na mgongo wake hatua kwa hatua, unashuka barabara. Shangazi angerudi muda wowote na kikapu chake cha wageni, na hiyo ingekuwa vita nyingine.

"Njoo ukae," baba yake alisema. "Washa sauti. Nisomee."

Dokta alivuta kigoda chake, akaketi mahali pake pa kila siku, bega lake likigusa mkono wa kiti. Picha ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Maandishi yalipita chini ya skrini, meupe, yana haraka zao. Akaanza kusoma. Mvua zinatarajiwa. Barabara fulani imefungwa. Bei ya mahindi imeshuka.

"Polepole," mzee alisema. "Leo nisomee polepole. Nataka niizoee sauti yako, nije niikumbuke."

Herufi zikaogelea machoni mwa Dokta, zikachanganyikana, zikapita.

"Mbona umenyamaza?"

"Maandishi yamepita, baba. Sikuyawahi."

"Hayo huzunguka," baba yake alisema, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaushika. "Yakirudi, soma."

Wakasubiri pamoja yarudi. Barabarani mlio wa ngazi ulisikika mara moja tena, mbali, kisha haukusikika.